Seti ya tapu na dai ya vipande 40: inaifaa pawatila, hailifai trekta kuukuu la Kiingereza

Mwezi Septemba, nikijiandaa kwa kilimo ambacho huku Urambo huanza na mvua za Novemba, nilinunua mjini Tabora seti ya tapu na dai yenye vipande 40 kwa shilingi 85,000. Tapu hukata hesi, yaani mistari ya mzunguko ambayo bolti hushikia, ndani ya shimo; dai huzikata juu ya bolti. Trekta langu ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na injini yake ya Perkins yenye silinda tatu haijanipa shida ya maana. Shida ilikuwa katika mashimo manne ya hesi yaliyo ubavuni mwa giaboksi, ambako nilitaka kufunga bano za paa la kivuli: matatu yalikuwa wazi na yamejaa kutu na udongo, la nne lilikuwa bado na bolti yake ya zamani, na kila bolti mpya niliyojaribu iliingia mizunguko miwili au mitatu kisha ikagoma.

Seti yenyewe inakuja katika kasha la plastiki, ikiwa na tapu na dai za kuanzia M3 hadi M12 (yaani za bolti zenye unene wa milimita 3 hadi 12), mpini wa tapu, mpini wa dai, na kipimo cha hesi chenye majani membamba kama wembe, ya kupimia nafasi kati ya hesi moja na nyingine. Mpini wa tapu ni dhaifu. Taya zake hulegea kila baada ya mizunguko michache, na mtu asipoangalia, tapu huanza kuingia upande. Tapu ya M6 ilinivunjikia siku ya kwanza katika kipande cha chuma laini nilichokuwa nikijifunzia, na namshukuru Mungu haikuwa ndani ya giaboksi, kwa sababu tapu iliyovunjika ni ngumu kiasi kwamba keekee ya kawaida haiitoboi. Kifaa ninachokisifu bila kusita ni kile kipimo cha hesi, ingawa ndicho ambacho sikukisikiliza.

Nililinganisha sehemu iliyoonekana ya ile bolti ya zamani na majani ya kipimo. Jani la milimita 1.75, ambalo ndilo la M12, halikukaa. Jani la 2.0 nalo halikukaa. Badala ya kusimama hapo na kujiuliza, nilijiambia kwamba hesi zimeliwa na kutu, nikachukua tapu ya M12 na kuizungusha katika shimo la kwanza. Iliingia kwa ukaidi, ikatoa unga mweusi, nami nikaudhania kuwa ni uchafu, kumbe ulikuwa chuma cha hesi zenyewe.

Trekta hilo, kwa sehemu kubwa, lina hesi za inchi, za mfumo ambao Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kuutumia mwaka 1948. Bolti ya nusu inchi yenye hesi pana ina unene wa milimita 12.7, na katika kila inchi moja ya urefu wake mna hesi 13, yaani takribani milimita 1.95 kutoka hesi moja hadi inayofuata, wakati M12 ina milimita 1.75. Tofauti ya milimita 0.2 haionekani kwa macho, lakini hujilimbikiza katika kila mzunguko, ndiyo maana bolti ya M12 hukubali kuingia mwanzoni na kukudanganya kwamba ndiyo yenyewe. Muuzaji alikuwa ameniambia kwamba kasha lina saizi zote. Hakuniuliza mashine yangu ni ipi, nami sikumwuliza kama kuna za inchi, kwa hiyo lawama tunagawana.

Shimo la kwanza liliokolewa na fundi wa kerezo, aliyelipanua kwa keekee ya milimita 13.5 na kulitia hesi ya inchi 5/8. Mashimo yaliyobaki hakuyagusa kwa tapu hata kidogo. Alipokwisha kuitoa ile bolti ya zamani, akaipasua mifereji mitatu kwa msumeno wa chuma kuanzia nchani, akaondoa makali yaliyobaki kwa tupa, kisha akaiingiza shimoni polepole, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, akiitoa kila mara kuipangusa. Bolti ya namna hiyo hukokota kutu ikaingia katika mifereji, lakini haina ukali wa kukata hesi mpya, na gharama yake ni jasho tu. Kabla ya kufunga bolti mpya alizizungusha kwanza kinyume, kwa vidole, mpaka akahisi kila moja ikidondoka kidogo mahali hesi zinapoanza, ndipo akageuza. Spana haikushikwa mpaka bolti ilipofika zaidi ya nusu kwa mkono.

Aliniambia pia nisijaze mafuta wala grisi katika shimo lisilotokeza upande wa pili, kwa sababu bolti ikishuka hayana pa kwenda, na chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, kinaweza kupasuka kwa msukumo huo. Bolti ya shimo la nne, kabla ya kukubali kutoka, aliipasha moto pembeni kwa gesi na kuigusisha kipande cha nta ya nyuki, ambayo iliyeyuka na kunyonywa ndani ya hesi. Nimeishi mkoa wa asali maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kuona nta ikifanya kazi hiyo.

Kwa mwenye pawatila, yaani trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, ambayo bolti zake nyingi ni M8 na M10, seti hii ninaipa nyota nne kati ya tano. Itamsafishia hesi na kumtengenezea bolti iliyochubuka, ilimradi abadilishe mpini. Kwa mwenye trekta kama langu ninaipa nyota moja, na hiyo ni ya kipimo. Huyo atafute tapu za inchi mojamoja, za 3/8, 7/16 na nusu, zenye alama ya HSS (chuma kigumu cha vifaa vya kukatia), hata kama zitamgharimu kiasi kilekile kwa vipande vitatu tu, na ahakikishe zina hesi 16, 14 na 13 kwa inchi kwa mfuatano huo. Kasha langu nimempa shemeji yangu wa Igunga, anayelima mpunga kwa pawatila. Amenipigia simu mara moja tu, akiuliza tapu ya M6 ilikwenda wapi.