Ndoana za kufungia nzi wa manyoya: angalia tundu kwanza, mengine baadaye

Jamani nimechoka kusoma meseji za "dada, kolekole kanikatia mshipi Pangani". Nikiuliza umekatikia wapi naambiwa pale pale kwenye ndoana, umekatika kama umepitishwa wembe, na yule nzi wa manyoya, yaani chambo cha bandia tunachofunga kwa manyoya na uzi juu ya ndoana, uliyemkalia usiku mzima kwenye jiliwa (kile kibanio cha kushikia ndoana) kaenda na maji. Kolekole hana meno ya kukata nailoni namna hiyo. Mzia ndiyo anakata, na mzia anafungiwa waya, hilo kila mtu wa Tanga analijua. Aliyekukatia wewe ni ndoana uliyoinunua mwenyewe.

Mambo ya namba za ukubwa na kutu sitayagusa sana, mnayajua na kila muuzaji atakuelezea mpaka uchoke. Mimi nataka tuongelee tundu, pale unapopitisha mshipi, maana hapo hakuna anayepaangalia.

Tundu la ndoana ni waya tu uliokunjwa ukarudi kugusa shina. Ukikunjwa vizuri ncha ya waya inalala kabisa kwenye shina, hakuna pa kupita. Ukikunjwa harakaharaka inabaki nafasi, tena ndogo hata huioni kwa macho ya kawaida, na ile ncha imekatwa kwa mashine bila kusuguliwa kwa hiyo ina makali. Sasa sisi wa nzi wa manyoya mshipi wetu wa mwisho ni mwembamba, milimita 0.25 mpaka 0.40 hivi, samaki akivuta akageuka upande fundo linatembea kwenye tundu, linafika kwenye ile nafasi, linaingia, kwisha habari. Ukitaka kujua kama ni tundu au ni fundo lako, kagua ncha ya mshipi uliobaki mkononi: ikiwa imejikunjakunja basi fundo limefunguka, kafunge upya vizuri, lakini ikiwa imekatika safi bila kujikunja na samaki hakuwa wa meno, lawama ni ya ndoana.

Ndiyo maana wavuvi wa Deep Sea au Sahare hapa Tanga hutawasikia wakilalamika. Wao nailoni yao nene haiingii kwenye upenyo huo, na wengi wanauzungushia mshipi kwenye shina lenyewe, tundu halibebi kazi yote. Muuza duka amezoea kuwauzia hao, ukimwambia tundu liko wazi anakuona unamtafutia sababu ya kupunguziwa bei.

Kupima ni rahisi. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la kanga ya pamba, upitishe tunduni, shika ncha zote mbili uuvute taratibu ukizungusha kote, hasa pale waya unapokutana na shina. Ukikwama, au ukitoka umechanikachanika, rudisha. Halafu nyanyua ndoana kwenye mwanga wa mlangoni, ukiona mstari wa mwanga kati ya waya na shina, rudisha hiyo pia hata kama ncha yake kali inachoma kucha.

Haya, ya kwanza kwangu na simung'unyi maneno ni Mustad 34007. Mustad ni wa Norway, ndoana wanatengeneza tangu 1877, na hii 34007 ni stenlesi, tundu limenyooka na shina, waya una unene wa kustahimili kolekole wa mdomo wa mto Pangani maji yakiwa yanajaa. Chukua ukubwa wa 1/0 na 2/0, zinatosha. Ndiyo ninayofungia Clouser, yule nzi aliyebuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1980, macho ya risasi yanafungwa juu ya shina kwa hiyo ndoana inageuka majini ncha inaangalia juu, na kwenye mizizi ya mikoko hapo ndipo utaelewa umuhimu wake. Utasikia watu wanasema 34007 haina ncha kali kama za Kijapani. Kweli, ndoana za stenlesi nyingi ziko hivyo, nunua tupa ndogo uipitishe mara mbili tatu, tatizo limeisha. Tundu bovu halinolewi. Ila kumbuka stenlesi haiozi haraka mdomoni mwa samaki, mshipi ukikatika anabaki nayo muda mrefu, kwa hiyo bana chembe, kile kijimwiba kinachorudi nyuma karibu na ncha, kwa plaizi kabla hujaanza kufunga, aweze kuitema.

Ya pili ni Gamakatsu SC15 ya Japani. Kali kweli, mdomo mpana, imepakwa bati. Waya wake ni mwembamba, kwa hiyo nzi anatua majini polepole, nzuri kwa samaki wa maji mafupi, lakini kolekole mkubwa akikazana anaweza kuinyoosha, na bati likishachubuka chumvi inafanya kazi yake. Halafu mpaka uagize nje, usubiri, ulipe na ushuru, mimi kwa hela hiyo narudi kwa Mustad.

Kwa wale wa perege wa mto Zigi na wa Pangani ya juu huko Korogwe, Mustad 3906B, namba 10 au 12, maana perege ana mdomo mdogo. Hiyo ni ya maji baridi, usiipeleke kwenye chumvi. Hizi ndogo tundu limeinama chini na linajificha, zipime kwa uzi zaidi hata ya zile kubwa.

VMC ya Ufaransa na Owner ya Japani ni nzuri, ukizikuta nunua, sina la kuongeza.

Za bei rahisi zinazouzwa kwa kuhesabu kutoka kwenye kopo, kavulie chambo cha kamba. Usifungie nzi.

Na kama unazo tayari umeshalipa, zungusha uzi wa kufungia pale penye nafasi, duru tano sita zilizobana, tone la supaglu, juu yake rangi ya kucha isiyo na rangi. Angalia gundi isizibe tundu.

Kinachoniuma ni hivi. Mkia wa mbuzi mweupe unaupata machinjioni bure, manyoya ya jogoo yapo uani, nywele za kumeta zimejaa saluni, yaani nzi mzima gharama yake ni ndoana peke yake, na hiyo ndoana ndiyo wanayoichakachua. Kuna maduka pale mjini boksi la kampuni kubwa liko mezani limefunguliwa, ndani wamechanganya na za kopo, ukiuliza unaambiwa "zote Mustad hizo dada". Boksi la 34007 ni la ndoana 100, lakini wanakuuzia moja moja kwa bei ambayo ukizidisha kwa mia unanunua boksi na nauli ya kulifuata Dar inabaki. Wakikuona na ile fimbo nyembamba ya kurushia nzi ndiyo wanapandisha kabisa, wanadhani umetumwa na mgeni wa hotelini. Mteja anayerudi kila mwezi anafanywa mpita njia, jamani!

Mimi sasa hivi tunachanga watu wanne, boksi moja lililofungwa lenye lebo, tunalifungua hapo hapo mbele ya muuzaji na uzi wa kanga mkononi. Akikataa zisipimwe tunamrudishia boksi lake tunaondoka. Na namba ziandikeni kwenye karatasi kabla hamjaingia, 34007 na 3906B, msikubali "hii inafanana nayo".