Korongo ni zuri, ila ile filimbi!

Mtu mzima hapigiwi filimbi. Nalitanguliza hilo kwa ajili ya wale wanaosoma mistari miwili ya maoni ya safari na kuondoka. Mambo ya nauli, saa ya kuondoka na viatu vya kuvaa yapo kwenye tangazo la waandaaji wa matembezi haya, mtayakuta huko.

Nilikwenda masika ya mwaka huu yakiwa yanaelekea kuisha, na kundi moja la vijana wanaotembeza watu vilimani nje ya jiji la Mwanza. Jina lao silitaji. Kijiji nacho sikitaji, maana wanakijiji hawajanikosea kitu. Niseme tu mnapanda Coaster Buzuruga, mnashika barabara ya Musoma, mnapita Igoma na Kisesa, kisha mnaacha lami na vumbi linaanza. Safari ni ya kutembea ndani ya korongo mpaka kwenye maporomoko ya msimu. Kiangazi ukienda utakuta jiwe kavu lenye mchirizi mweusi pale maji yanapopitaga, basi. Hilo waliliandika wazi, nawapa haki yao.

Nilikwenda na shangazi yangu, muuguzi mstaafu, mwenye goti moja linalomsumbua kukiwa na baridi. Tangazo lilisema njia ni nyepesi hata bibi anapita, na kwa kweli njia ni nyepesi. Chini ya korongo ni mchanga wa mto, mawe ya kuruka ni machache, na pale penye mwinuko watu wa kijiji wameshachonga ngazi ndogo kwa miguu yao tangu zamani wakipeleka mifugo. Shangazi hakushikwa mkono hata mara moja.

Sasa ngoja niwaambie ilivyoanza. Asubuhi kwenye gari, kijana kiongozi wetu anapita akigawa maji ya chupa. Anafika kwa shangazi, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, kitenge begani, anamwambia: "Mambo!" Shangazi akapokea chupa, akamtazama, akajibu: "Marahaba." Kijana hata hakushtuka, akasonga kiti cha nyuma. Mimi nilicheka, lakini moyoni niliweka alama.

Njia yenyewe, jamani. Huku Mwanza tumezoea mawe mpaka hatuyaoni tena. Mtu anapita kwenye Jiwe la Bismarck akiwahi kivuko cha Kamanga, hageuzi hata shingo. Ndani ya korongo ni lazima uyatazame, yamekuzunguka. Yamepandana juu kwa juu, mengine yamekaa kwa ncha utadhani ukipiga chafya yatashuka. Kiongozi akatueleza kwamba volkano ndiyo iliyoyarusha. Volkano gani? Hayo ni matale, mawe yaliyogandia chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Yakapasuka, maji yakaingia kwenye nyufa na kula pembe zake yangali yamefunikwa, halafu udongo ukachukuliwa na mvua kidogo kidogo, yakabaki yamesimama yalipo. Hakuna aliyeyarusha. Nilitaka kumsahihisha, shangazi akanibana mkono.

Mijusi nayo ilikuwa kila mahali, ile ambayo dume lina kichwa chekundu na mwili wa buluu, linapiga pushapu juu ya jiwe kama limelipwa. Wazungu wanawafuata kutoka mbali, na jina la kitaalamu la mjusi huyo limebeba jina la Mwanza. Pimbi tuliwasikia kabla ya kuwaona. Kwenye kingo kuna minyaa na migunga, na watoto wawili watatu waliotufuata tangu kijijini walikuwa wakitukodolea macho na kucheka viatu vyetu. Walituamkia wote kwa Kisukuma, mmoja mmoja. "Mwangaluka!" Watoto wadogo vile! Kiongozi wetu angejifunza kwao.

Maporomoko hayaanguki kwa kishindo. Maji yanateleza juu ya jiwe moja pana, yanajigawa, yanakutana tena, kisha yanashuka kwenye kidimbwi cha maji meupe. Baridi yake inakupiga usoni kabla hujafika. Nimezaliwa mji huu, ziwa nimeliona kila siku ya Mungu, na bado nilisimama pale kimya. Vijana wengine wakaanza kuvua mashati waruke kidimbwini, kiongozi anawashangilia. Shangazi akawauliza kama wanataka kukojoa damu. Akawapa somo la kichocho papo hapo: konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia, na vidimbwi vya msimu navyo wanavijua, kwa hiyo uwazi wa maji usiwadanganye. Wawili walivaa mashati. Wengine walizama. Sasa kazi hiyo ya kuonya ilikuwa ya nani? Ya mgeni aliyelipa au ya kiongozi aliyelipwa?

Basi shangazi akavuka kwenda ng'ambo, akakaa juu ya jiwe bapa, akafungua kikopo chake cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Nami nikawa napiga picha. Hatujakaa hata kidogo, nasikia filimbi. Ile filimbi ya refa, ya chuma, inayotoboa masikio. Pyiii! Nikadhani kuna mtu ameanguka. Nageuka, kiongozi amesimama juu ya jiwe, anapunga mkono, filimbi mdomoni. Watu wakaanza kukusanya vitu. Shangazi yuko ng'ambo, anafunika kikopo chake taratibu, maana goti halitaki kuamshwa ghafla. Pyiii! Pyiii! Kisha akaitoa filimbi mdomoni na kusema: "Wewe mama! Sogea huku! Haraka!"

Wewe mama.

Mimi damu ilinichemka. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa anapigiwa filimbi kama mbuzi aliyeingia shambani, mbele ya watoto waliomwamkia kwa adabu saa moja tu iliyopita. Nilimfuata kijana nikamwuliza kuna nini. Akanijibu bila kunitazama: "Mimi ndiye kiongozi, dada. Nikipiga, mnatoka." Sababu hakutoa. Nikajua tu, hawa wana kundi la pili mchana, wanataka kutuswaga ili waingize wengine. Nilishaanza kutunga maoni haya kichwani nikiwa bado ndani ya korongo, na yalikuwa na nyota moja, nayo ni kwa sababu sifuri haiwekeki.

Tukapanda juu ya ukingo. Njiani sisemi na mtu. Tulipofika kwenye mti ambapo wanaandaa chakula, nikatazama chini. Maji yaliyokuwa meupe yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani na vijiti, na lile jiwe bapa la shangazi halionekani. Huku tulipo jua linawaka. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe pale akanionyesha vilima vya mashariki kwa fimbo, akasema kule imenyesha tangu muda. Jiwe halinywi maji. Mvua ikipiga kwenye vilima vya mawe matupu, yote inakuja korongoni kwa pamoja, na wewe uliye chini unaota jua hujui lolote mpaka yakufikie.

Kwa hiyo ndiyo, kijana aliona. Aliona mawingu, au aliona maji yakianza kubadilika, akapiga filimbi, na kwa haki ya Mungu nampa nyota zake kwa hilo. Huko kwingine wanakotembeza watu sijui kama wana macho hayo. Nilifuta ile nyota moja, nikaandika nne.

Kisha nikala sato wao, aliyechomwa vizuri mno, chumvi na ndimu tu, ugali wa muhogo pembeni, na kadiri nilivyokula hasira ikarudi. Hivi kusema "maji yanakuja" ni maneno mangapi? Angesema hivyo, shangazi angevuka na goti lake hilo hilo, na mimi ningembeba mgongoni kama ingebidi. Badala yake tulikuwa tunabishana naye kuhusu filimbi wakati maji yanashuka! Kama nia ni usalama, mtu asiyejua kwa nini anapigiwa filimbi ndiye wa mwisho kutoka. Filimbi yenyewe asubuhi hakuitaja. Alitueleza volkano, hakutueleza filimbi.

Shangazi hakubaliani nami, na amenichosha. Anasema wodini mgonjwa akizidiwa hata yeye alikuwa hasemi tafadhali, alikuwa anafoka, na ndugu wa wagonjwa walikuwa wakinuna vivyo hivyo. Nikamwambia yeye walau alikuwa amevaa sare nyeupe, watu wanajua anayefoka ni nani. Akasema kijana naye alikuwa na fulana ya kundi. Ndivyo alivyo, ukimtetea anamtetea aliyemkosea.

Jioni wakatuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp wakiomba maoni. Niliandika marefu, kwa heshima, kuhusu salamu, kichocho na kuwaeleza watu mapema maana ya filimbi. Nikajibiwa dole gumba na kibandiko cha jua linalocheka. Hapo nyota zikashuka hadi mbili, na mbili ndizo nimeziacha.

Lakini nendeni. Sijui niwaambieje, nendeni, masika au vuli ikishakolea, na mkifika ulizeni wenyewe kabla hamjaingia korongoni: maji yakija ishara ni ipi na tunatokea wapi. Msiingie kidimbwini. Bebeni michembe.

Shangazi ameshaniuliza vuli watakwenda lini, anataka kuwapeleka wajukuu. Nimemwambia nitakwenda naye, ila siku hiyo nitakaa kiti cha mbele kabisa, na yule kijana chupa ya maji hataigawa mpaka nisikie shikamoo.