Uzoefu wangu na dawa za mshiko kwa viganja vinavyotoka jasho katika dansi ya nguzo

Mtu ambaye viganja vyake hutoka jasho kidogo tu anapopata joto hana shida kubwa ya kuchagua dawa ya mshiko, yaani ile inayopakwa ili ngozi isiteleze kwenye nguzo, kwa kuwa karibu kila dawa iliyopo sokoni itamfaa kwa kiasi fulani. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya wale ambao mikono yao hulowa hata wakiwa wamekaa wakisoma karatasi, ambao hufuta kiganja kwenye nguo kabla ya kumpa mtu mkono, na ambao hata hivyo wameamua kujifunza dansi ya nguzo. Mimi ni mmoja wao. Nilianza mazoezi katika studio jijini Nairobi, kisha kazi ikanihamishia Mombasa, ambako ninafanya mazoezi nyumbani kwenye nguzo ya kromu ya X-Pole yenye kipenyo cha milimita 45, na tofauti ya hewa ya miji hiyo miwili imenifundisha mambo ambayo maelezo ya kwenye chupa hayayasemi.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa ni kwamba jasho la viganja huamshwa na hofu, wasiwasi na msisimko zaidi kuliko linavyoamshwa na joto. Ndiyo maana ninaweza kupanda nguzo vizuri wakati wa kupasha mwili moto, kisha mikono ikaloa chapa mara tu mwalimu anapotaja zoezi la kujipindua kichwa chini. Kwa hiyo dawa iliyofanya kazi vizuri katika zoezi jepesi inaweza kushindwa kabisa katika zoezi linalotisha, siku hiyohiyo na kwenye nguzo ileile. Mimi huipima dawa katika zoezi ninaloliogopa. Majaribio ya kuzunguka nguzo huku mguu mmoja ukiwa chini hayaniambii lolote.

Jambo la pili ni kwamba ngozi kavu mno nayo huteleza. Ngozi hushika vizuri zaidi ikiwa na unyevu mdogo, na hupoteza mshiko ikikauka kabisa au ikilowa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika baridi ya mwezi wa Julai nilikuwa na mapaja makavu yanayoteleza na viganja vilivyolowa kwa wakati mmoja, hali inayodai dawa mbili tofauti kwenye mwili mmoja. Dawa nyingi zinazosifiwa sana mtandaoni zilisifiwa na watu wenye ngozi kavu, ambao shida yao ni kinyume cha yetu.

Katika dawa za kupaka papo hapo, ninayoirudia kila mara ni Dry Hands, ambayo ni dawa ya maji isiyonata na inayotumiwa pia na wachezaji wa tenisi na gofu. Unatia tone moja kiganjani, unasugua, unasubiri mpaka ikauke, kisha unafuta vumbi jeupe linalobaki. Uzuri wake ni kwamba haiachi kitu kinachonata kwenye nguzo, na mtu anayefanya zoezi baada yako hakulalamikii. Mipaka yake nayo iko wazi: katika unyevu wa Mombasa inanibidi niipake upya kabla ya kila zoezi gumu, na tone kubwa halinisaidii zaidi ya tone dogo. Aliyezoea kumimina ataimaliza chupa ndogo ya mililita 30 upesi sana bila faida yoyote.

Chaki ya maji, ile ambayo wanyanyua vyuma na wapanda miamba huitumia, ni kabonati ya magnesiamu iliyochanganywa na spiriti. Spiriti hukausha kiganja haraka na chaki hunyonya jasho linalofuata, na kwa bei ni nafuu kuipata kuliko dawa zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya nguzo. Naipendekeza kwa anayeanza. Hata hivyo huchafua nguzo, baadhi ya studio huipiga marufuku kwa sababu ya vumbi, na ukiwa na ngozi iliyopasuka itakuwasha mpaka machozi yakutoke. Soma pia viambato kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya chaki hizo zimetiwa utomvu wa msonobari ili zinate, na utomvu huo ukibaki kwenye kromu hausafishwi kwa kitambaa kikavu.

Mighty Grip ya unga iko katikati ya dawa zinazokausha na dawa zinazonata, kwa kuwa hunyonya unyevu na wakati huohuo hulainika na kunata kidogo kadiri kiganja kinavyopata joto. Kwangu inafaa katika mazoezi ya kushikilia kwa muda mrefu bila kubadilisha mkono. Katika mizunguko, ambapo kiganja kinatakiwa kuteleza kwa kiasi fulani kuizunguka nguzo isiyozunguka, dawa yoyote inayonata huvuta ngozi na kukuachia malengelenge, na hapo bora utumie mkono mkavu mtupu.

Kundi la tatu ni la nta, na hapa ndipo wenye mikono ya jasho hupoteza fedha nyingi. Nta ikipakwa juu ya kiganja ambacho tayari kina jasho, jasho hukaa kati ya ngozi na nta, na kinachoteleza sasa ni tabaka zima. iTac2 inayotoka Australia, ambayo imetengenezwa kwa nta ya nyuki, ninayo na ninaithamini, lakini ninaipaka nyuma ya magoti, kwenye mapaja na kwenye kiwiko, sehemu ambazo hazina jasho jingi na ambazo ndizo hasa hushika nguzo mikono inapoachia. Kiasi cha punje ya harage kinatosha mguu mzima. Anayesisitiza kuipaka viganjani na aanze kwa kukausha mkono kikamilifu kwa dawa ya maji, asubiri, kisha apake nta kidogo mno kwenye vidole tu.

Hata hivyo, kilichobadilisha mazoezi yangu kuliko chupa zote hizo ni dawa ya usiku. Kwa ushauri wa daktari wa ngozi nilianza kutumia dawa ya kuzuia jasho yenye kloridi ya alumini ya asilimia 20, ambayo hupakwa viganjani wakati wa kulala na kuoshwa asubuhi. Usiku tezi za jasho hutulia, na chumvi hiyo ya alumini hupata nafasi ya kuziba vijitundu vya jasho. Ukiipaka dakika chache kabla ya mazoezi, jasho huisukuma nje na unabaki na muwasho pekee. Sharti ni kwamba mkono uwe mkavu kabisa, kwa sababu dawa hii ikikutana na maji hutengeneza asidi inayochoma ngozi. Mimi hukaa mbele ya feni mpaka niwe na hakika, jambo ambalo Mombasa ni mtihani. Mwanzoni niliipaka kila usiku, na jasho lilipopungua nikapunguza mpaka mara moja au mbili kwa wiki. Haikunifanya niwe na mikono mikavu kama ya watu wengine. Ilinifikisha mahali ambapo Dry Hands inaweza kumalizia kazi. Wapo wenye jasho jingi zaidi yangu ambao madaktari huwapa tiba ya kuloweka mikono katika maji yanayopitishwa umeme hafifu, na hiyo haiwafai wajawazito wala wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Nguzo yenyewe nayo ni nusu ya mshiko. Kwa viganja vya jasho nimeona shaba ikishika vizuri kuliko kromu, na kromu ikishika vizuri kuliko chuma cha pua, ingawa mwenye mzio wa nikeli hana budi kukichagua hicho chuma cha pua. Kabla ya kila zoezi mimi hufuta nguzo kwa spiriti na kitambaa safi cha maikrofaiba, kuanzia juu kwenda chini, na kitambaa cha kufutia mikono hukaa mbali na hicho. Mafuta ya mwili ni marufuku siku ya mazoezi, hata yale ya jana usiku ikiwa ngozi bado inang'aa.

Kwa anayetaka kununua leo, ningemshauri aanze na chaki ya maji isiyo na utomvu, amwone daktari wa ngozi kuhusu dawa ya usiku, kisha ndipo aagize Dry Hands kutoka nje. Nta inunuliwe mwisho, na kwa ajili ya miguu. Ajue pia kwamba nta haitoki kwa maji matupu: mimi huisugua kwa mafuta ya nazi mara tu baada ya mazoezi, huosha kwa sabuni ya vyombo, na huirudia sabuni hiyo mara ya pili, kwa sababu mafuta hayo yakibaki mwilini huhamia kwenye nguzo mazoezi yanayofuata.