Uzoefu wangu: Hilux iliyozima kila iliposhiba

Nampa huyu fundi wa magari wa Katuba, hapa Lubumbashi, nyota nne kwa tano. Ya tano ameipoteza kwa simu yake, nitafika huko.

Motoka yangu ni Toyota Hilux ya zamani, injini 22R, ya karbirateri (kile kinachochanganya esansi, yaani petroli, na hewa), siyo dada yake 22R-E yenye kompyuta. Nina banda la kuku upande wa barabara ya Kipushi, na mara tatu kwa wiki napeleka mayai soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Mwenye kubeba mayai ananielewa: motoka ikishtuka, trei nazo zinashtuka. Hii yangu ilikuwa inatoka nyumbani vizuri, inatembea dakika ishirini, ishirini na tano, halafu inaanza kukohoa. Ukikanyaga, nguvu hakuna. Inajikokota, inazima. Unaisukuma pembeni, unangoja robo saa, unapiga kontakti, inawaka kama vile si yenyewe. Kisha inaweza kumaliza wiki nzima bila kuzima hata mara moja, mpaka unajilaumu kwa kuisema vibaya mbele za watu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi kabla mvua hazijashika, na kila mtu alikuwa na dawa yake. Fundi wa kwanza alibadilisha buji (plagi) zote nne: dola 20. Wa pili akasema bobini, ile inayotengeneza umeme wa cheche, inapata moto sana, akaweka nyingine: dola 35. Wa tatu akafungua karbirateri, akaiosha, akaweka vipira vipya vya ndani: dola 60, na baada ya hapo ikaanza kunuka esansi kila asubuhi. Shoferi mmoja wa lori akanifundisha kulowesha kitambaa na kukilaza juu ya pampu ya esansi. Cha kushangaza, kila dawa ilifanya kazi! Fundi anagusa kitu chake, motoka inawaka, nalipa, naenda. Baada ya siku mbili tatu niko tena kando ya barabara nahesabu mayai yaliyopasuka.

Shemeji yangu anayeendesha teksi ndiye aliyenituma Katuba, kwa fundi anayefanya kazi chini ya mwembe, hana hata kibao. Nilimkuta amekaa juu ya gurudumu, anakula mahindi ya kuchoma. Hakusimama. Akaniuliza:

"Papa, inakatika kama taa ao inakufa kama mshumaa?"

Sikuelewa. Akafafanua kwamba umeme ukikatika, injini inanyamaza mara moja, kama mtu amezima taa. Esansi ikipungua, inakufa polepole, inakohoa, inajaribu tena. Nikasema: kama mshumaa.

"Na ukiisha kujaza tangi, inazima mbio ao inachelewa?"

Hapo nikanyamaza. Kweli ilikuwa inazima zaidi siku nilizojaza tangi. Mimi nilifikiri ni esansi chafu. Nilishabadilisha kituo mara tatu, na usiku mmoja nikaacha esansi ndani ya chupa nyeupe ili nione kama maji yatakaa chini, maana esansi inaelea juu ya maji. Asubuhi chini hamkuwa na kitu. Kumbe nilikuwa na jibu mkononi, na mafundi watatu hawakuniuliza.

Akataka dola 20 kabla ya kugusa chochote, za kutafuta ugonjwa tu. Nilikasirika, nasema kweli. Kulipa maswali? Halafu nikakumbuka zile 115 nilizowapa watu ambao hawakuuliza neno.

Akanituma nijaze tangi, kisha akapanda pembeni yangu na tochi mfukoni, tukashika barabara ya Kipushi bila mzigo. Dakika kama kumi na nane ikaanza kukohoa. Nikataka kupunguza mwendo. "Acha, Papa. Acha ife yenyewe." Ikafa.

Nimekaa na motoka hii miaka sita na sikujua kwamba kwenye uso wa karbirateri yake kuna kidirisha cha kioo, kidogo kama kifungo cha shati. Alifungua kapo (boneti), akafuta vumbi jekundu kwa kidole gumba, akamulika. Katikati ya kioo kuna alama, na esansi inatakiwa isimame hapo. Yangu ilikuwa chini kabisa, ukanda mwembamba unaotikisika. Hata hivyo hakutosheka na kioo. Alichukua buji ya akiba, akaichomeka kwenye waya, akaigusisha kwenye chuma mbali na karbirateri, akaniambia nipige demareri (stata). Cheche ikatoka ya bluu, yenye nguvu.

"Moto iko. Hii motoka haiko mgonjwa, iko na njala."

Akaenda nyuma, akazungusha ufunguo wa kifuniko cha tangi. Fyuuuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu, sauti ndefu kuliko pumzi yangu. Nikapiga demareri sekunde chache, kioo kikajaa, ikawaka.

Kifuniko hicho nilikinunua barabarani mwaka jana, baada ya kile cha asili kuibwa. Kina kufuli, nilikuwa najivunia. Lakini cha asili kina kivalvu kinachoruhusu hewa kuingia kadiri esansi inavyotoka, na hiki kimeziba kabisa. Pampu inavuta, hewa haiingii, mpaka pampu yenyewe inashindwa. Tangi likijaa, nafasi ya hewa juu ni ndogo, kwa hiyo ukitumia lita mbili tatu tu mvuto unakuwa mkali. Likiwa nusu, hewa iliyomo ni nyingi, inachukua muda mrefu, pengine unafika salama. Ukisimama robo saa, hewa inapenya polepole mahali fulani na motoka inapona. Ndiyo maana kila dawa ilifanya kazi. Iliyoponya ni ile robo saa ya fundi kufungua na kufunga, na kitambaa cha yule shoferi kilikuwa kitambaa tu.

Mimi ningelipa hapo hapo niende. Yeye akakataa. Tulirudi kifuniko kikiwa kimelegezwa, na karibu kufika Katuba ikakohoa mara moja, kidogo sana. Mimi nilijifanya sikusikia.

Kesho yake aliichomoa motoka kwenye tangi lake, akaipa esansi kutoka bidoni ya lita tano kwa mpira mpya, akaiacha inguruma kwa nguvu pale uwanjani zaidi ya dakika arobaini. Haikukohoa. Akairudishia tangi lake, kifuniko bado wazi: baada ya nusu saa ikaanza kuchechemea. Basi kosa la pili lilikuwa kati ya tangi na pampu. (Bidoni ya esansi hatua mbili kutoka injini inayowaka sikuipenda. Alikuwa na ndoo ya mchanga karibu, lakini bado.)

Ni mpira wa esansi uliokuwa na kosa, ule unaounganisha bomba la chuma na pampu. Aliukata kwa wembe kwa urefu mbele yangu. Nje ulikuwa mweusi, unang'aa, hauvuji hata tone. Ndani ulikuwa umevimba, na ngozi yake imebanduka kama ulimi. Ukipata joto unalainika, pampu ikivuta unajibana, kama chuchu ya chupa ya mtoto inavyolala hewa ikikosa kuingia.

Kifuniko cha asili kilichotumika dola 10, mpira na vibano 12, kazi 30. Buji na bobini za zamani, nilizokuwa nimeziweka nyumbani, aliniambia nizitunze, ni nzima. Sasa ni wiki ya saba, mvua zimeanza, haijazima.

Malalamiko yangu: hapokei simu kabisa, na mambo ya siku moja yalichukua siku tatu, motoka ikilala nje. Risiti hana. Ile harufu ya asubuhi ameniambia ni kipira cha karbirateri kilichokaa vibaya, lakini hataki kukigusa mpaka nirudi na kipya, na mpaka leo sijakipata.

Ukienda, fika baada ya saa nne, kabla ya hapo utamkuta kijana wake peke yake. Na kama tatizo lako linafanana na langu, nenda tangi likiwa limejaa.