Uzoefu wangu: Anki kwa kushika saa na tarehe za Kijapani

Wadau, kama unasoma Kijapani na maneno ya saa na tarehe yanakutoka kila ukifunga daftari, jaribu Anki. Ni programu ya kadi za kukariri, kwenye kompyuta na Android ni bure, wa iPhone ndo wanalipia. Neno unaweka upande mmoja, maana upande wa pili, ukipatia kadi inaondoka inakuja kurudi baada ya siku kadhaa, ukikosa inakurudia hapohapo mpaka uishike, na kusoma hakuhitaji bando kwa hiyo hata kwenye daladala unaendelea.

Ila kadi tengeneza mwenyewe, kwa Kiswahili. Nyingi za kupakua ni za Kiingereza na kwenye saa zinatuchosha bure, maana Wajapani nao wanahesabu kuanzia usiku wa manane na mchana, saa moja asubuhi yetu kwao ni shichiji, yaani saba, sasa ukipitia Kiingereza kichwa kinahama mara mbili kabla hujafungua mdomo. Mimi mbele naandika "saa moja asubuhi" nyuma "gozen shichiji", mbele "saa kumi jioni" nyuma "gogo yoji", basi (gozen ni kabla ya saa sita mchana, gogo ni baada yake). Baada ya muda jibu linakuja lenyewe bila kujumlisha sita.

Na hapa kuna kitu kitamu sana ambacho sijaona kozi inakitaja. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa masaa sita, na saa ya Kiswahili imepishana na ya Kizungu kwa sita hizohizo. Kwa hiyo ukiwa Dar au Nairobi na ni saa mbili asubuhi, Tokyo muda huohuo ni niji, mbili kamili, ila kwao ni mchana. Saa tisa alasiri yako ni kuji ya usiku kwao. Japani hawasogezi saa kwa ajili ya kiangazi kwa hiyo haibadiliki mwaka mzima! Wanaoagiza magari kule hii iwakae kichwani, namba unayosema kwa Kiswahili ndo namba anayoiona mwenzako ukutani muda huo, wewe angalia tu usimpigie amelala.

Siku zilizopita na zinazokuja nazo kwetu ni mteremko. Juzi ni ototoi, keshokutwa ni asatte, na mtondo, yaani siku inayofuata keshokutwa, neno ambalo vijana wengi tumeliacha kwa wazee, Wajapani wanalo kabisa, shiasatte. Kadi hizo nilizimaliza haraka, siku za wiki pia hazikunisumbua.

Tarehe sasa, hapo ndo Anki inaonyesha kazi yake. Moja mpaka kumi zina majina yake tofauti na namba za kawaida, tsuitachi, futsuka, mikka, na balaa lenyewe liko kwenye yokka tarehe 4 na yooka tarehe 8, ukiisikia kwa haraka ni kitu kimoja, tofauti ni kale kakituo kwenye k na ule mvuto wa o. Hizo weka kadi yenye sauti, usitegemee macho peke yake. Ishirini nayo ni hatsuka, haifanani na lolote. Namba nne ndo kigeugeu kabisa, saa ni yoji, mwezi wa nne ni shigatsu, tarehe ni yokka, dakika ni yonpun, mimi kila moja nimeipa kadi yake na sentensi fupi kama "treni inaondoka saa kumi na dakika nne", neno likiwa peke yake halikai.

Kuongea tafuta kwingine. NHK World, idhaa ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, wana masomo ya Kijapani kwa Kiswahili, bure, yenye sauti, nasikiliza kule halafu maneno mapya nayahamishia kwenye kadi. Anayeanza leo aanze na masaa, akishazoea yoji, shichiji na kuji ndo aguse dakika, tarehe azipeleke mwisho na azichukue chache chache.