Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10: kwa buibui wadogo inatosha

Walimu wenzangu wa baiolojia hapa Mwanza, kama shule yenu ina hadubini moja tu na imefungiwa kabatini, nunueni lenzi hii. Niliipata kwenye duka la vifaa vya maabara katikati ya mji kwa shilingi 18,000. Ni ya kioo, si plastiki, na inakunjwa ndani ya kifuniko cha chuma.

Niliitaka kwa ajili ya buibui wa familia ya Linyphiidae, ambao wengi wao hawazidi milimita 4. Kwa wingi wa spishi ni familia ya pili kati ya buibui wote duniani, zaidi ya 4,000, na bado watu wanawapita kila siku! Watafuteni asubuhi kwenye nyasi fupi, umande haujakauka. Mimi huenda upande wa Capri Point. Utando wao umelala, na mwenyewe ananing'inia chini yake, tumbo juu. Kidudu kikijikwaa kwenye nyuzi za juu kinaangukia utandoni, naye anakiuma kutokea chini na kukivutia kwake. Asubuhi inayofuata usiku wa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, ndipo nimeyaona hayo vizuri zaidi.

Lenzi ikae karibu kabisa na jicho, kisha kitu ndicho kisogezwe, mpaka kama sentimita 2.5. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walizoea haraka. Buibui wa milimita 2 anaonekana kana kwamba ana sentimita 2, na kukiwa na jua unayaona macho yake manane. Dume anajulikana kwa vigusio viwili vya mbele vilivyovimba nchani, ambavyo hupelekea mbegu kwa jike. Kujua ni spishi gani ni kazi ya hadubini, msiidai lenzi hiyo.

Kasoro: pembeni mwa kioo rangi zinatawanyika, na skrubu ya kifuniko ililegea mapema, nikaikaza kwa ncha ya kisu. Za kukuza mara 20 dukani hawana. Lenzi naipa nyota nne.

Muuzaji alinitolea tatu nikazilinganisha mlangoni penye mwanga. Nanyi ombeni hivyo: tazameni maandishi madogo ya noti, na mistari ikipinda katikati ya kioo, chukueni nyingine.