Pampu ya sola ya kumwagilia kitalu nyumba ukiwa safarini: uzoefu wangu

Seti niliyonayo ni ndogo: paneli ya sola inayolingana na kiganja, kisanduku chenye pampu na betri tatu za kuchaji za ukubwa wa AA, dripa 12 (vidude vya kudondosha maji tone kwa tone kwenye mmea), mpira mwembamba wa milimita 4, chujio na viungo vya T. Haiungwi kwenye bomba. Inavuta maji kutoka kwenye pipa. Nimeitumia misimu miwili kwa nyanya, pilipili hoho na matango. Inafanya kazi, hilo sina ubishi nalo. Ila mimea ikifa ukiwa mbali, mara nyingi kosa halitakuwa la pampu, litakuwa la pipa: umeliweka juu kiasi gani na lina lita ngapi.

Nilichokipenda ni kwamba haina saa ya kutega. Kila baada ya saa tatu inaamka, na muda wa kusukuma unategemea jua ambalo paneli imelipata tangu mara ya mwisho. Jua likiwaka inasukuma dakika kadhaa, mawingu yakitanda inatoa kidogo tu. Mimea nayo hunywa hivyohivyo. Taima ya kawaida hutoa kiasi kilekile kuwe na jua kuwe na mvua, na wiki moja ya mawingu inatosha kuozesha mizizi. Kasoro ya hii yangu ni siku za fukuto, anga nzito lakini joto haliondoki. Paneli inadhani kumepoa huku matango yanasinyaa. Msimu wa namna hiyo kitufe cha kiwango, kile cha kuchagua maji yawe mengi au machache, nakiacha namba moja juu ya ile niliyotumia nilipopima.

Sasa pipa. Likikaa juu kuliko dripa, maji yakishajaa mpirani hayasubiri tena pampu. Yanajivuta yenyewe usiku na mchana mpaka pipa likauke. Kwenye seti kuna kipande kidogo cha plastiki cha kuingiza hewa, na ni rahisi kukiacha kwenye boksi ukidhani ni cha akiba. Kifunge sehemu ya juu kabisa ya mpira, juu ya usawa wa maji pipa likiwa limejaa pomoni. Pampu ikizima, hewa inaingia pale na maji yanakatika. Kinavuja kidogo pampu inaposukuma, kwa hiyo kining'inize juu ya mdomo wa pipa ili tone lirudi humohumo.

Kukijaribu, jaza pipa, bonyeza kitufe cha majaribio, na pampu ikishazima chuchumaa kwenye dripa iliyo chini kuliko zote. Tone linavimba, linadondoka. La pili linachelewa. La tatu linabaki limening'inia bila kuanguka. Hapo kimeshika. Kama baada ya dakika tano bado linadondoka, kipande kiko chini ya usawa wa maji au kimeziba uchafu.

Ukiliweka pipa chini ya dripa unakwepa tatizo hilo, lakini unaipa pampu ndogo mlima wa kupanda, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo mlima unavyorefuka. Kwangu, pipa likijaa dripa moja ilitoa mililita 900 kwa siku ya jua. Lilipobaki robo ilitoa kama 700. Mwongozo wa seti haukusema lolote kuhusu hilo, na ni jambo la kuandikwa ukurasa wa kwanza.

Usikisie kiasi, pima. Asubuhi tia kila dripa kwenye chupa tupu, soma kesho yake muda uleule. Nyanya kubwa iliyobeba matunda, ikiwa kwenye chungu, hunywa lita 1 hadi 2 siku ya joto. Mche mdogo haumalizi hata robo lita. Ndiyo maana mmea mkubwa naupa dripa mbili badala ya kupandisha kiwango, maana kiwango kikipanda miche inazama. Halafu piga hesabu: dripa 12 kwa mililita 900 ni lita 10.8 kwa siku, kwa siku 14 ni 151. Ongeza robo kwa ajili ya joto, unafika 189. Pipa la lita 200 linaonekana kutosha, lakini chujio nalining'iniza sentimita tano kutoka chini ili lisivute tope, na sentimita hizo kwenye pipa langu ni lita 13 hivi ambazo hazitumiki. Zinabaki 187, pungufu kidogo ya 189. Safari ikizidi wiki mbili, naunganisha pipa la pili kwa mpira wa chini.

Mpira nauzungusha kama duara, mwisho ukarudi kuungana na mwanzo. Ukiutandaza mstari mmoja, dripa za mwanzo zinashiba na za mwisho zinalamba. Dripa zote zikae usawa mmoja. Ile iliyoteremka hata kidogo inaiba maji ya wenzake.

Kuziba ndiko kunakosumbua zaidi. Mpira unaopitisha mwanga unaota utando wa kijani ndani, utando unabanduka, unakwama kwenye dripa. Tumia mweusi, na pipa lifunikwe vizuri, hapo umezuia na mbu. Usiweke mbolea ya maji iliyotokana na samadi au majani ndani ya pipa hata ukiichuja kwa kitambaa. Maji yenye chokaa yanaacha ganda jeupe kwenye tundu la dripa. Loweka dripa kwenye siki usiku mmoja, kisha suuza.

Paneli naiweka nje, imeelekea upande wa ikweta, mahali ambapo kivuli cha paa hakiifikii. Kuiweka ndani chini ya nailoni yenye vumbi ni kuinyima chakula. Lakini kama kitalu chako kina neti nzito ya kivuli, paneli ya nje inaona jua kuliko mimea, basi pimia ikiwa palepale itakapobaki. Betri mpya zipate siku mbili za jua kabla ya kuzitegemea.

Washa mfumo wote siku saba kabla ya kuondoka, usiwashe asubuhi ya safari. Udongo wa vyungu uwe umelowa tayari kwa mkono: mchanganyiko uliokauka kabisa unakataa matone, maji yanapita pembeni ya chungu na kutokea chini huku katikati pakavu.

Msimu wa pili betri zilianza kuchoka. Dalili yake ni kwamba mchana pampu inasukuma vizuri, lakini mzunguko wa kwanza wa asubuhi inanguruma tu, maji hayafiki dripa. Fungua kisanduku ubadilishe zote tatu kwa pamoja, na uweke za kuchaji tu. Za kawaida paneli itajaribu kuzichaji, nazo zitavuja na kula vyuma vya ndani.